Gunia la chai lina maelezo kuliko faili ya mama

Gunia la chai likitoka kiwandani Mogogosiek, Kapkoros ama Litein, habari zake zote ziko ubavuni. Jina la kiwanda. Gredi, iwe BP1 ama PF1. Uzito. Nambari ya shehena. Likifika mnadani Mombasa, mnunuzi ambaye hajawahi kukanyaga Bomet anajua pesa yake anaweka kwa kitu gani. Jaribu kupeleka gunia lililoandikwa "chai" tu, uone kama kuna atakayeligusa.

Sasa mchukue mama aliyechuma hayo majani. Ameona uvimbe kwa titi, amekaa nao miezi akidhani utapotea, mwishowe amefika hospitali, amefanyiwa biopsi na jibu limerudi. Kwa faili anaandikiwa "Ca breast". Kwa kompyuta ya bima anaingizwa C50.9. Basi. Hiyo C50.9 ndiyo "chai" tupu isiyo na gredi, na ni hapo ndipo matibabu yanaweza kupotea njia hata kabla hayajaanza.

Najua maneno kama "msimbo" na "rejista" yameshaanza kukufukuza. Vumilia kidogo, kwa sababu siku moja hiyo karatasi itaingia kwa simu yako. Kwa familia nyingi za Kericho na Bomet, sisi vijana tulio Nairobi, Nakuru ama Eldoret ndio wizara ya afya ya nyumbani. Sisi ndio tunasajili watu SHA, tunafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, na tunatumiwa picha ya ripoti saa nne usiku na swali moja tu: hebu soma, wanasemaje?

Wanasema hivi. Shirika la Afya Duniani lina orodha kubwa ya magonjwa inayoitwa ICD. Kila ugonjwa una msimbo wake, ili daktari wa Kericho na mwenzake wa Brazil wakihesabu, wawe wanahesabu kitu kimoja. Katika toleo la 10, saratani ya matiti ni C50, awe mgonjwa ni mwanamke ama mwanamume (ndio, wanaume pia huugua, ingawa ni wachache). Nambari inayofuata nukta inaonyesha sehemu ya titi. C50.4, kwa mfano, ni robo ya juu upande wa nje. Na .9 maana yake ni "haijaelezwa". Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022 na humo ugonjwa huu umehamia familia ya 2C6, lakini mlango wa "haijaelezwa" haukufungwa, unaitwa 2C6Z. Mtu mwenye haraka huupenda sana huo mlango. Simlaumu karani. Ana foleni iliyofika nje kwa jua, mtandao unapotea kila dakika kumi, na hata akiandika zaidi hakuna anayemshukuru.

Lakini hata akiandika C50.4 badala ya C50.9, bado hajatuambia jambo ambalo daktari wa saratani atauliza kwanza. Ametuambia uvimbe uko wapi. Swali ni uvimbe unakula nini.

Seli nyingi za saratani ya matiti huwa na vipokezi. Wazia soketi za stima ukutani. Homoni ya estrojeni inapita kwa damu, inachomeka kwa soketi yake, na seli inapata nguvu ya kukua na kugawanyika. Kuna soketi ya estrojeni, ambayo kwa ripoti huandikwa ER, na ya projesteroni, PR. Halafu kuna ya tatu inayoitwa HER2, ambayo si ya homoni, ila ikizidi idadi kwenye seli, saratani hukimbia kama boda boda imekatika breki. Mwanasayansi Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeonyesha kipokezi cha estrojeni mwishoni mwa miaka ya 1950. Si mambo mapya haya. Dawa inayoziba hiyo soketi, tamoksifeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 1977. Ni tembe. Unameza moja kila siku nyumbani kwako Kapkatet, bila dripu na bila kulala wadi, kwa miaka mitano na wakati mwingine hadi kumi.

Na inafanya kazi kweli. Majaribio yaliyokusanywa kutoka nchi nyingi yanaonyesha kwamba kwa mgonjwa mwenye ER, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Kwa mgonjwa asiye na ER, haimsaidii chochote. Atapata tu joto la ghafla usiku, na hatari ndogo ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa hivyo wanawake wawili wanaweza kutoka kijiji kimoja, umri mmoja, uvimbe wa ukubwa mmoja, wote C50.9, na tembe inayomwokoa mmoja ni sukari tu kwa mwenzake. Msimbo hauwezi kuwatenganisha.

Kuna uvumi ambao umezunguka hospitalini na hata vitabuni kwa miaka: kwamba saratani ya matiti ya mwanamke Mwafrika mara nyingi haina vipokezi vyovyote, ile aina ngumu ambayo vipimo vyake vyote vitatu ni hasi. Ukiamini hivyo, mbona usumbuke kupima? Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa kutoka Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha matokeo ya uvimbe takriban 300 kutoka hospitali mbalimbali za Kenya. Karibu robo tatu ulikuwa na ER. Aina ile ya hasi tatu ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka huohuo uchambuzi mwingine uliokusanya tafiti za bara zima uligundua jambo linalofaa kubandikwa kwa mlango wa kila chumba cha upasuaji: tafiti zilizotumia nyama iliyochukuliwa na kutunzwa kwa mpango maalum zilipata ER nyingi zaidi kuliko zile zilizochimbua sampuli za zamani kutoka stoo. Yaani sehemu ya ile "hasi" haikuwa kwa mwanamke. Ilikuwa kwa mkebe.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo milima yetu inaingia. Nyama ikitolewa mwilini, vipokezi huanza kuoza. Mwongozo unaofuatwa na maabara kote duniani unasema iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Fomalini yenyewe iwe ya kiwango sahihi, si ile iliyoongezwa maji ili ifike mwisho wa mwezi. Sasa piga hesabu. Kipande kimetolewa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 72 zinaisha Jumatatu saa kumi na moja jioni. Kipimo cha vipokezi hakifanywi kila hospitali, kwa hivyo mkebe lazima upande gari kwenda maabara kubwa, Eldoret ama Nairobi. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, ama dereva wa matatu alisahau kifurushi chini ya kiti hadi Jumanne, kipokezi kilichokuwepo kinaweza kusomwa kama hakipo. Mama anaambiwa ni hasi. Ananyimwa tembe. Na hakuna mtu atakayejua, kwa sababu hakuna aliyeandika saa ambayo kipande kiliingia kwa fomalini.

Majani mabichi ya chai nayo huharibika haraka, na ndiyo maana kuna ratiba ya lori, sentaa ya kupimia, na karani anayekupa risiti yenye kilo. Mkulima wa Bomet hawezi kukubali risiti iliyoandikwa "majani" bila kilo. Tunajua kabisa kufuatilia kitu kinachoharibika kutoka mlimani hadi mashine. Tumeamua tu kukifuatilia kimoja na kuacha kingine.

Tuongee pesa sasa. SHA ilipochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, saratani ilitengewa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Wafanyakazi wa mashamba ya chai wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kama sisi wengine. Halafu Septemba 2025, Wizara ya Afya na SHA wakasaini mkataba na kampuni ya Roche: Herceptin, dawa ya wagonjwa wenye HER2, ishuke kutoka Sh120,000 kwa kila dozi hadi Sh40,000, na hizo Sh40,000 zilipwe na SHA. Kozi ya kawaida ni mwaka mzima, dozi kila wiki tatu, yaani kama dozi 17 ama 18. Kwa bei ya zamani hiyo ni zaidi ya Sh2 milioni. Shamba zima la chai linaenda hapo.

Ni habari njema na sitaki kuimwagia maji. Lakini mlango wa hiyo dawa unafunguliwa na neno moja kwa ripoti: HER2 chanya. Maabara huipa alama kuanzia 0 hadi 3+. Ukiwa 3+ umeingia. Ukiwa 2+ hujulikani, unahitaji kipimo kingine cha kuthibitisha. Ukiwa C50.9 bila alama yoyote, wewe huonekani kabisa. Dawa ya bei nafuu iko, bima imekubali, na mama wa Sotik yuko nje ya geti kwa sababu hakuna aliyempima, ama alipimwa na jibu likabaki kwa droo ya maabara. Kejeli ni kwamba kipimo chenyewe mara nyingi kimeachiwa familia ilipe kutoka mfukoni. Tunalipia ghala kubwa la dawa halafu tunabania pesa ya ufunguo.

Wamarekani, na simaanishi tuwaige kwa kila kitu, walishaona hili tatizo. Kwa toleo lao wenyewe la ICD-10, chini ya C50 kuna agizo: ongeza msimbo wa kuonyesha kipokezi. Z17.0 ni ER chanya, Z17.1 ni ER hasi. Herufi moja na tarakimu tatu, na kampuni ya bima inajua mgonjwa gani anafaa dawa gani. Lile toleo la dunia nzima la ICD-10 halina hiyo Z17. Kwa hivyo hata karani mwenye bidii hapa kwetu hana mahali pa kuandika, mpaka mtu mwenye mamlaka amtengenezee.

Kuna watakaosema: hospitali hazina glavu, madaktari wanagoma, na wewe unatuletea stori za misimbo. Naelewa hiyo hasira. Msimbo hautibu mtu. Lakini hebu tuangalie Bomet yenyewe. Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza kama zahanati miaka ya 1930, leo inajulikana na wataalamu wa nje kwa saratani ya umio. Kwa nini? Kwa sababu kwa miaka mingi watu wa hapo waliandika. Umri, kijiji, aina ya uvimbe. Mwaka 2010 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 109 kutoka huko waliopata saratani ya umio wakiwa na miaka 30 ama chini, umri ambao kwingine duniani ugonjwa huo hausikiki sana. Bila zile faili, hao wangekuwa vijana 109 waliozikwa mmoja mmoja na familia 109 zikibishana kama ni kurogwa. Uandishi mzuri ndio uliofanya watafiti waje kuuliza kuna nini huku. Saratani ya matiti ya hapa haijapata bahati hiyo bado.

Ndiyo maana takwimu za kitaifa ni makadirio. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti na vifo 3,107. Nambari kama hizo hujengwa kwa kutegemea rejista chache zilizodumu, kama ile ya Nairobi na ile ya Eldoret. Ukiuliza wangapi kati ya hao wanatoka kaunti za chai, na wangapi kati yao wana ER, na wangapi wana HER2, unaanza kukisia. Afisa wa kaunti anayeagiza dawa naye anakisia. Anaagiza tamoksifeni kidogo, inaisha, mama anaruka miezi miwili, anarudi kwenda nyumbani na kusahau. Tembe ya miaka mitano haivumilii kukisia.

Halafu watu wa mashambani wanahama. Mfanyakazi wa shamba kubwa la Kericho anaweza kuwa ametoka Kisii, Nyamira ama Siaya. Anatibiwa kwa kliniki ya kampuni, mkataba unaisha, anarudi kwao. Faili inabaki. Kampuni zenyewe zinabadilisha wenye mali: mashamba yaliyokuwa ya Finlays, na yale yaliyokuwa ya Unilever, yamehamia mikononi mwa Browns ya Sri Lanka miaka michache tu iliyopita. Daktari wa kule anakoenda anaanza upya na neno "saratani", na kipande cha nyama kilichofaa kupimwa kiko mahali mgonjwa hajui.

Kwa hivyo ninachodai si mashine mpya ya mabilioni. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ipo, na mfumo wa SHA tayari unakataa fomu isiyo na nambari ya kitambulisho. Ufanye vivyo hivyo hapa: dai lolote la matibabu ya saratani ya matiti lisipite bila ER, PR na HER2 kujazwa, na iwe ruhusa kuandika "haijapimwa", ili angalau tujue aibu yetu ina ukubwa gani. Kipimo cha vipokezi kilipwe pamoja na biopsi, kama kitu kimoja, maana biopsi bila hivyo ni nusu ya jibu. Kaunti za Kericho na Bomet zikubaliane na maabara moja, zilipe usafiri wa mkebe kwa mkataba wa maana, na fomu ya sampuli iwe na saa mbili: saa ya kutolewa na saa ya kuingia kwa fomalini. Ikiwa maafisa wanataka kuvaa pinki Oktoba ijayo, mwezi uleule ambao bonasi ya chai hugonjewa, wavae, lakini waje na hizo nambari.

Na wewe, usingoje kaunti. Ukitumiwa ile picha ya ripoti usiku, usiishie kwa neno la kwanza la kutisha. Tafuta mistari mitatu: ER, PR, HER2. ER hupewa asilimia; kuanzia 1 kwenda juu huhesabiwa chanya, ingawa kati ya 1 na 10 madaktari huiita ya chini na hujadiliana zaidi. Kama mistari haipo, mwambie mama ama shangazi aulize daktari kwa heshima, bila vita: "Daktari, vipokezi vimepimwa?" Kama Kogo ndiye mgonjwa na anaona haya kuongea mambo ya matiti mbele ya mtu mgeni, panda gari uende naye. Jibu likija, lipige picha, litume kwa barua pepe yako mwenyewe, na si kwa grupu ya watu 180 ya mchango, maana hiyo ni siri ya mwili wake.

Kama hajapimwa, bado kuna nafasi. Nyama ya biopsi haitupwi ikishasomwa. Hugandishwa kwenye kibonge cha nta na kuwekwa maabara, na kibonge hicho kinaweza kupimwa vipokezi hata miezi kadhaa baadaye. Kina nambari. Mara nyingi huandikwa juu kabisa ya ripoti, karibu na tarehe. Uliza kibonge kiko maabara gani, andika hiyo nambari, na uombe kipelekwe kinakopimwa.